Mguu Mpya wa Meza ya Mama Getruda

Mimi ni fundi wa samani za zamani, na nasema mapema ili tusije tukagombana: nina hasira za karibu. Mtu akija kibandani kwangu hapa Mabatini akaniambia, "Fundi Otuoma, hii meza ya babu ipake rangi nyeupe ifanane na za Dubai," namwonyesha njia aliyojia. Akelo, mke wangu, anasema ndiyo maana sisi hatutoki kimaisha. Haya. Lakini msinione mkali hivi mkadhani ni shujaa. Mwaka tisini na nne, kijijini Buswelu, nilitetemeka mbele ya watu mia mbili mpaka patasi ikanidondoka mkononi, na kisa chenyewe kilikuwa mguu wa meza.

Meza ilikuwa ya Mama Getruda Mayala. Alikuja kwangu mwezi wa tatu, mvua inanyesha, meza imefungwa kamba juu ya mkokoteni wa ng'ombe na kufunikwa kanga zake mbili, yeye mwenyewe analowa. Mama mfupi, mkavu, miaka sitini na kitu, mjane. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, lakini kwanza ingiza mgonjwa ndani."

Nilipoifunua nilikaa chini. Miaka ile soko huria ndiyo limefunguliwa, nguo za mitumba na viti vya plastiki vimejaa mji mzima, na wakati huohuo wale waliopata pesa za minofu ya sangara wanajenga Capri Point, kwenye mtaa wa matajiri, na kutafuta vitu vya wazungu wa zamani vya kupamba nyumba. Wanazitafuta hasa meza za namna hii: meza nyembamba, upana wake hauzidi kiwiko mpaka vidole, isiyo ya kulia chakula wala ya kuandikia. Inasimama ukutani tu, juu yake kioo, ikipokea wageni. Ya Mama Getruda ilikuwa ya mbao nyekundu inayokaribia weusi, nyuma ina miguu miwili iliyonyooka, mbele miwili iliyopinda, na kila uliopinda unaishia kwenye unyayo wa simba. Au tuseme mmoja ndio uliishia hivyo. Wa pili mchwa walikuwa wameula zamani, na kwa miaka ishirini meza ilisimama juu ya kipande cha tofali. Buswelu nzima waliijua kwa jina hilo, meza ya tofali.

"Nilikuwa mtumishi wa ndani kwa Mgiriki wa kiwanda cha pamba," alinisimulia. "Miaka kumi na minane. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuipaka nta hii. Alipofungasha kurudi kwao akatuambia kila mmoja achague kitu kimoja. Wenzangu wakachagua redio, mwingine baiskeli. Mimi nikasema meza. Walinicheka hao! Sasa waulize redio ziko wapi."

Nilimwambia kuna tajiri angeinunua siku hiyohiyo. Alinitazama kama nimemtukana mama yake. Alizika watoto wawili, akamzika na mume, na katika nyumba yake ya udongo kitu pekee ambacho hakikupungua kilikuwa ile meza. Alitaka mguu tu. "Isimame yenyewe, na mimi niione imesimama kabla sijalala moja kwa moja."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Ule unyayo wa simba uliobaki ulikuwa umelika kwa kusuguliwa, vidole havionekani vizuri. Na mimi simba sijawahi kumwona. Mimi mtu wa Rorya. Niulize kiboko, niulize mamba. Nikafikiri, nikaona dawa ni mbwa wa jirani, libwa moja kubwa jekundu. Nikamtupia kichwa cha samaki furu, nikamshika mguu, nikaupima kwa uzi kidole kwa kidole, vipimo nikavizidisha vilingane na ule wa zamani. Nikachonga kwa mninga, nikatoa na kucha nne nje, kali, nikaupiga msasa na vanishi. Ule mwingine nao nikauchimbachimba ufanane na mpya. Nilijisifu siku nzima. Mama Getruda alipoupapasa alicheka hadi akashika kiuno. "Umetoa na kucha, mwanangu! Mgiriki mwenyewe hakuwa nazo hizi."

Miezi miwili baadaye alirudi, kwa miguu, kutoka Buswelu hadi Mabatini. Sikumtambua haraka. Uso ulikuwa umesinyaa na macho hayatulii, kila anayepita barabarani anamgeukia. Nikampa kigoda. Hakukaa. Alitoa karatasi ndani ya mfuko wa nguo akanipa.

"Soma."

Nilisoma kimoyomoyo. Mistari miwili, mwandiko wa kalamu nyekundu.

"Soma kwa sauti, fundi. Kusoma sijui, lakini karatasi ya namna hii najua ikoje."

"Hama na mnyama wako. Tumekupa siku saba."

Ndipo akakaa. Akanieleza taratibu. Alikuwa amesiriba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kama anavyofanya kila baada ya muda. Sakafu ikiwa bado mbichi akaivuta meza kutoka ukutani mpaka mlangoni apate kuisugua penye mwanga. Ni nzito, kwa hiyo aliinua upande mmoja, akasogeza, akapumzika, akainua tena. Kila alipopumzika, unyayo wangu ulikaa kwenye udongo mbichi. Alama sita, kutoka chumbani hadi mlangoni, na udongo ukakauka nazo. Hakuziona, macho yake ya karibu yalishakuwa na ukungu. Aliyeziona ni Justa, jirani yake, aliyekuja kuomba kaa la moto. Justa aliinama achukue kaa, akatazama chini, akaondoka bila moto.

Kwa msiojua, Wasukuma wanasema mchawi anafuga fisi. Anamfuga ndani, anampanda usiku, asubuhi anamrudisha. Na miaka ile hayo hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Vikongwe walikuwa wanakatwa mapanga. Leo tunasikia Magu, kesho kutwa Sengerema, mara nyingi wajane, mara nyingi wenye kiwanja au shamba. Watu wa Buswelu ni wafugaji, nyayo wanazisoma kuliko mimi ninavyosoma gazeti. Waliziona zile alama wakajua: simba hatembei na kucha nje. Anayetembea na kucha nje ni mbwa, na mbwa mkubwa kiasi kile hayupo, basi ni fisi. Halafu wakaitazama meza. Miaka ishirini ilikuwa haina mguu. Sasa umeota.

"Nyasaye wangu," nilisema, nikimwita Mungu kwa Kijaluo. "Mama, hama."

"Nihamie wapi? Nyumba ya mume wangu ile." Kisha akainamisha kichwa. "Maige ndiye anayewachochea. Mtoto wa kaka yake marehemu mume wangu. Wapimaji wameanza kupima viwanja, watu wa mjini wanakuja na magari kuulizia. Alishaniambia mara tatu nimpishe."

Alichokuja kuomba kilikuwa kidogo. Jumapili sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wangekutana uani kwake kulitazama shauri. Niende niseme mguu nilichonga mimi. Basi. Kamanda wao, Mzee Shigela, alikuwa mtu wa haki, angesikiliza.

Nikasema nitakwenda. Nilipomweleza Akelo, aliacha kupepeta mchele. "Wewe Mjaluo unaenda kuwaambia Wasukuma kwamba fisi wao umemchonga wewe? Umerogwa?" Nilimfokea, nikatoka nje nikasimama ukutani. Ukweli ni kwamba siku tatu zilizobaki sikula nikashiba.

Jumapili mchana nikafunga kisanduku cha zana nyuma ya baiskeli, na kipande cha mninga, nikapanda. Mwanzo wa kijiji kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, alinisimamisha kwa kushika usukani. Alinisalimia vizuri, akauliza na hali ya familia. Ndiye Maige. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayekuonea huruma.

"Fundi, haya ni mambo ya ukoo, usijitie. Ukisema umechonga wewe, watu watauliza nani alikutuma uchonge fisi. Mimi sitakuwa na la kuwajibu." Akaifuta vumbi kengele ya baiskeli yangu kwa kidole. "Una watoto wangapi?"

Nilitaka kumtukana, na maneno ninayo, lakini niliuvuta usukani tu. Aliachia usukani nikapita.

Ua ulikuwa umejaa. Meza wameitoa nje, imesimama peke yake katikati ya uwanja na kitambaa chake cha kufuma juu, na watu wamerudi nyuma kuizunguka, hakuna aliyeikaribia. Wanaume wa sungusungu wameshika pinde na marungu. Mama Getruda alikaa chini mlangoni kwake, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Aliponiona alifumba macho kidogo, nadhani alikuwa anashukuru.

Mzee Shigela alikuwa mrefu, firimbi shingoni. "Wewe ndiye fundi? Sema."

Nikasema. Nilisema kila kitu, mchwa, tofali, mninga, mpaka mbwa wa jirani na kichwa cha furu. Kwenye mbwa baadhi walianza kucheka. Kisha sauti ikatoka nyuma, "Muongo huyo! Amelipwa!" Nyingine, "Kama ni yeye, basi ni mwenzake!" Kicheko kikakatika. Wale wa mbele wakasogea hatua moja. Niliona rungu la mwanamume mmoja, lina msumari kichwani, nikaanza kuutazama ule msumari nikashindwa kuuondolea macho.

"Kama umechonga wewe," Shigela alisema, "chonga tena. Hapahapa."

Nikapiga goti, nikatoa zana. Mikono haikuwa yangu. Nimeshika patasi tangu nina miaka kumi na minne, na siku hiyo niliishika kama mtoto anavyoshika kijiko. Kidole cha kwanza nilikitoa. Cha pili, patasi ikateleza, mninga ukapasuka kutoka juu mpaka chini, kipande kikaruka kikamgonga mtu mguuni. Watu waliguna. Patasi ikanianguka. Niliwaza kitu kimoja tu, kwamba mimi ndiye nimemuua huyu mama, na sasa ananiona nikimmalizia.

"Mpeni fundi maji," alisema Mama Getruda.

Hakuna aliyetikisika. Mtungi wake ulikuwa palepale mlangoni, kata juu yake, na watu mia mbili wanautazama. Tangu siku ya zile alama hapana mtu aliyekuwa amegusa chombo chake. Hasira ikanipanda, na namshukuru Mungu kwamba siku hiyo ilikuja kwa wakati. Niliinuka, nikaenda mtungini, nikachota, nikanywa kata nzima mbele yao. Nikachota ya pili nikanywa. "Haya," nikasema, "mnasubiri nianguke? Subirini."

Nikarudi kupiga goti. Nusu ya mti ilikuwa imebaki, ilinitosha. Safari hii sikumtazama mtu. Kidole, kidole, kidole, kidole, halafu kucha. Jua lilihama kichwani likaja shavuni. Nilipomaliza nikaomba maji yamwagwe chini, Shigela mwenyewe akayamwaga, tukakanyaga udongo ukawa laini. Nikaugandamiza unyayo mpya. Kisha nikaibeba meza, peke yangu, nikaugandamiza na ule wa meza pembeni yake.

Mzee Shigela alichuchumaa. Alitia kidole katika alama moja, akatia katika nyingine, ukucha kwa ukucha. Akasimama, akaigonga meza kwa kiungo cha kidole mara tatu, na wote tukasikia.

"Ni mti," alisema. "Nendeni makwenu."

Ua ulilipuka. Mmoja akabweka kama mbwa, watu wakavunjika mbavu. Wanawake wakapiga vigelegele. Justa alikuja mbio akampigia magoti Mama Getruda, analia, "Nisamehe mama, macho yangu yalinidanganya," na Mama Getruda akamshika kichwa akamwambia sawa, mwanangu, sawa. Vijana wawili wakairudisha meza ndani wakaisimamisha ukutani. Mimi nilikuwa mwepesi, nadhani ningepewa mabawa ningeruka.

Nilipokuwa nafunga kisanduku Mama Getruda alinijia. Watu walikuwa wameshatawanyika. "Nipeleke kwako, mwanangu."

"Kwangu? Mama, yamekwisha!"

"Siku mbili tatu tu. Nitalala kibandani, kwenye takataka za randa."

Nilikasirika, nakiri. Nilikuwa nimechoka, magoti yanauma, kwangu ni chumba kimoja na watoto wanne, na nilikuwa nimeshajiona shujaa. "Hukuwaona walivyocheka? Mpaka yule aliyeniita muongo amecheka!"

"Maige hakucheka," alisema.

Nikamwambia nitapita Jumatano kumjulia hali. Akasema haya, akanishukuru kwa mikono miwili, akaingia ndani. Nikapanda baiskeli.

Kwenye duka la mwisho kabla ya kuteremka barabarani, Maige alikuwa amekaa kibarazani na wanaume wawili ambao uani sikuwaona. Mavumbi ya safari miguuni. Wanakunywa soda. Ukutani wameegemeza kitu kirefu kimefungwa gunia. Niliwasalimia. Maige akaitikia na kutabasamu, wale wawili hawakuitikia. Walikuwa wanatazama tu njia niliyotokea, kama mtu anayehesabu ni nyumba ya ngapi.

Niliteremka. Niliteremka mpaka karibu na barabara kubwa, nikijiambia ni wageni tu, ni wanunuzi wa viwanja, gunia hilo ni jembe. Mguu wa kulia ukaacha kukanyaga pedeli. Nilisimama pale nikitetemeka kuliko nilivyotetemeka uani, maana uani angalau niliwaona wote. Kisha nikageuza baiskeli, nikapita kwenye mashamba ya mihogo, naisukuma, majani yake yananichana uso.

Nilimkuta amekaa kitandani, hajavua hata kanga. Nilimwambia twende. Alichukua rozari yake msumarini, akatandika kitanda vizuri, akarudishia mlango. Alitaka kurudi kuichukua meza, nikamshika mkono kwa nguvu kuliko heshima inavyoruhusu. Tukatoka kwa nyuma. Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika barabara kubwa, yeye amekaa nyuma juu ya kisanduku cha zana, amenikumbatia kiuno, na mgongoni nilisikia moyo wake unavyogonga.

Akelo alimpokea, akamtandikia na watoto.

Asubuhi, saa nne hivi, Mzee Shigela alifika kibandani na baiskeli. Hakuwa na firimbi. Nilimwamkia, lakini alikuwa anamtafuta mtu kwa macho, na alipomwona Mama Getruda ameketi ndani kwenye kigoda anachambua maharage, akakaa juu ya mbao zangu.

"Tulidhani umekwisha," alimwambia. "Mlango wamevunja. Godoro limekatwakatwa, sufi zimejaa chumba kizima, mpaka mbao za kitanda wamezikata. Blanketi nimelihesabu, mapigo ya panga kumi na mawili. Tuliokota sufi zile moja moja tunatafuta damu."

Mimi nilishika nguzo ya kibanda. Mama Getruda aliendelea kuchambua. Aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa nje.

"Na meza?" aliuliza.

"Meza ipo," Shigela alisema. "Hawakuigusa. Hata kitambaa chake hakijapinda."

Mikono yake ikasimama. Alimtazama Mzee Shigela, akanitazama mimi, na tangu siku ya karatasi ndiyo mara ya kwanza macho yake yalitulia.

"Mtu anayeogopa fisi anaanza na fisi. Kumbe walijua ni mti," alisema. "Walijua tangu mwanzo."